Kitabu nacho kifuate msimu wa korosho

Upo msemo ambao waandishi wa Tanzania wameusikia hadi wamechoka: ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu. Mwandishi aliyejichapishia riwaya kwa akiba yake na kubaki na maboksi chini ya kitanda huusema kwa uchungu. Mwenye duka anayerudisha nakala zilizolala rafuni mwaka mzima huusema ili kujiondolea lawama. Wote wawili humbebesha msomaji mzigo. Lakini msomaji wa Nachingwea au Ruangwa ana haki ya kuuliza swali kabla ya kuhukumiwa: ni lini mara ya mwisho mtu alimletea kitabu cha hadithi mpaka alipo, kwa bei anayoimudu, katika wiki ambayo fedha ipo mkononi?

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi huishi kwa kalenda ya mazao. Korosho huanza kuuzwa Oktoba na minada huendelea hadi kuelekea Januari au Februari. Ufuta huja katikati ya mwaka, kisha mbaazi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, mzigo huingia ghala kuu, na mnada huendeshwa chini ya chama kikuu. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama hicho ni RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Siku ya mnada wakulima hukusanyika, bei za wanunuzi husomwa mbele yao, nao hukubali au hukataa kuuza. Katika minada ya kwanza ya msimu wa 2024/25, bei katika mikoa ya kusini ilivuka Sh4,000 kwa kilo. Kitabu cha Sh8,000 kilikuwa sawa na kilo mbili za korosho.

Ajabu ni kwamba kila mfanyabiashara mwingine ameshaijua kalenda hiyo. Muuza pikipiki anaijua, muuza mabati anaijua, muuza simu na muuza vitenge wanaijua. Msimu ukikaribia, bidhaa hushushwa Masasi, Nachingwea na Ruangwa kwa malori. Kitabu peke yake hubaki Dar es Salaam, kikisubiri mkulima asafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kukitafuta.

Mwandishi huru anayetaka kuuza kusini aanze kwa kuelewa jambo moja ambalo wageni wengi hulikosea: siku ya mnada na siku ya fedha ni siku mbili tofauti. Mnadani mkulima huondoka na bei tu. Malipo huja baadaye kupitia akaunti ya benki, baada ya mnunuzi kulipa na chama kukamilisha hesabu zake. Anayepanga meza ya vitabu siku ya mnada atapata watu wengi wenye hamu na mifuko mitupu. Siku hiyo inafaa kusoma kurasa mbili kwa sauti, kuonyesha kitabu na kuandika majina ya wanaokitaka. Nakala zenyewe zifike siku ambazo foleni zimejaa benki na kwenye vibanda vya wakala wa fedha za simu.

Kuandika majina kusigeuke kukopesha. Msimu wa 2018/19 Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya mvutano na wafanyabiashara, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Aliyewakopesha msimu ule alisubiri pamoja nao. Vilevile mwandishi asishawishike kupokea korosho badala ya fedha, hata mkulima akimbembeleza. Kununua korosho mitaani kwa bakuli, nje ya mfumo, ndiko watu wa kusini wanakoita kangomba. Ni kosa, na kumewaumiza wakulima kwa miaka mingi. Kitabu kisiwe njia nyingine ya kumnyonya mtu huyohuyo ambaye mwandishi anataka awe msomaji wake.

Katika miji ya wilaya, duka linaloitwa la vitabu mara nyingi ni la steshenari. Mbele kuna mashine ya kutoa kopi, na pembeni yake madaftari ya kurasa 48 na 96 yaliyofungwa kwa nailoni. Ukutani zimening'inia bahasha za kaki, rula, kompasi na gundi. Rafu ya juu ina vitabu vya kiada na maswali ya mitihani iliyopita, na huenda pia ikawa na nakala mbili tatu za riwaya au tamthilia zinazotahiniwa kidato cha nne. Mwenye duka hajakataa hadithi. Anaweka kinachouzika, na kinachouzika ni kile ambacho mwalimu amemwambia mwanafunzi akanunue. Mwandishi asiye na mwalimu wa kumsemea inambidi aende mwenyewe, au awe na mtu pale.

Waliowahi kwenda wenyewe wapo, na ni watu wakubwa katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert, ambaye Kusadikika yake ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza mwaka 1951, hakuridhika kubaki mikononi mwa wachapishaji wa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akitoa vitabu vyake Tanga kwa jina la Art and Literature, kikiwemo Insha na Mashairi cha mwaka 1959. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, hana mtaji wa maana, lakini aliona kwamba anayeandika kwa ajili ya watu wake lazima pia ashughulike na namna kazi yake itakavyowafikia.

Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi. Elvis Musiba, muumbaji wa mhusika Willy Gamba, alikuwa pia mfanyabiashara, na alizipeleka kazi zake sokoni akiwa na akili ya biashara. Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma aliyewapa wasomaji mhusika Joram Kiango, alianzisha Heko Publishers. Kampuni hiyo ya mwandishi ndiyo iliyotoa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, riwaya ambayo baadaye iliingia kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari. Mwanafunzi wa Nachingwea aliyejibu swali la mtihani juu ya riwaya hiyo alikuwa ameshika kitabu kilichotoka kwenye nyumba ya mwandishi aliyeamua kujitegemea. Ni mafanikio makubwa kuliko inavyosemwa.

Kisha akaja Eric Shigongo na magazeti ya Global Publishers. Hadithi zake zilitoka kipande kwa kipande kwenye magazeti ya udaku na burudani, kila kipande kikikatwa pale ambapo msomaji hawezi kuvumilia, chini yake likiandikwa neno “itaendelea”. Zilipofungwa kuwa vitabu, zilikuwa na wateja waliokwisha kuzipenda. Wapo wasomi waliomdharau kwa lugha na kwa visa vyake. Hata hivyo magazeti yale yalifika stendi za mabasi na vibanda vya mikoani ambako duka la vitabu halikuwahi kufika, na yalisomwa na dereva, mama lishe na fundi cherehani. Hao ni Watanzania walewale wanaosemwa kwamba hawasomi.

Jirani Kenya, David Maillu alianzisha Comb Books Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuuza vijitabu vyake kwa bei ya mtu wa kawaida, vikiwemo My Dear Bottle na After 4.30. Vilisomwa sana, na Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Maadili ya vitabu hivyo ni mjadala mwingine. Katika biashara, Maillu alithibitisha kwamba karani na dereva wa basi hununua kitabu kikiwa chembamba, kikiwa cha bei ndogo na kikizungumza maisha yao.

Mfano unaofaa zaidi kwa Nachingwea unatoka mbali kidogo, Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kuanzia miaka ya 1980 waandishi wa lugha ya Kihausa, wengi wao wanawake, walijichapishia riwaya ndogondogo za mapenzi na ndoa. Waliunda vyama, wakasaidiana gharama, wakatoa hadithi ndefu kwa sehemu ili kila sehemu iwe na bei nafuu, na wakaziweka sokoni pamoja na bidhaa nyingine. Vituo vya redio vikaanza kuzisoma hewani. Wakubwa walizilaani na mamlaka zikaweka udhibiti, lakini soko likaendelea kukua. Mmoja wa waandishi hao, Balaraba Ramat Yakubu, alitafsiriwa kwa Kiingereza na kitabu chake kikachapishwa Chennai, India, mwaka 2012. Alianza kwa wasomaji wa soko la mjini kwake.

Watanzania nao wamejaribu kuungana. Waandishi wa riwaya waliokusanyika chini ya UWARIDI, yaani Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, akiwemo Hussein Tuwa, wameonyesha kwamba mwandishi wa riwaya za kusisimua anaweza kutoa kazi yake na kuinadi mwenyewe, huku jina la umoja likimpa uzito mbele ya mteja asiyemjua. Utaratibu huo unastahili kuvuka daraja la Mkapa pale Rufiji na kuingia kusini.

Hesabu yake inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Tuchukue mfano tu: riwaya ya kurasa 160, nakala 500, mchapaji akatoza Sh5,000 kwa nakala. Mwandishi ameshatoa Sh2.5 milioni kabla ya kuuza hata moja. Akiweka kitabu kwenye duka la Dar es Salaam kwa Sh10,000, na duka likachukua asilimia 35, hubaki Sh6,500. Akitoa gharama ya uchapaji anabaki na Sh1,500. Tena vitabu hivyo kwa kawaida huwekwa kwa mali kauli: duka halilipi mpaka liuze, na likiuza huenda miezi ikapita kabla ya kulipa.

Akisema apande basi mwenyewe na nakala 100 hadi Ruangwa, auze kwa Sh8,000, hesabu inaonekana tamu mpaka zinapoingia nauli, malazi, chakula na ushuru wa gulio. Safari ikimgharimu Sh150,000, kila nakala imebeba Sh1,500 ya safari, na faida imerudi palepale ilipokuwa dukani, hapo ni kama nakala zote 100 zimeuzika. Mwandishi mmoja, kitabu kimoja, safari moja, haitoshi. Waandishi watatu wakichangia safari na meza, hesabu inabadilika mara moja. Anayesimama mezani hachagui tena kati ya kununua na kupita. Anachagua kati ya hadithi ya upelelezi, ya mapenzi na ya watoto.

Njia yenye faida zaidi ni wakala wa pale pale. Boksi la nakala 100 likitumwa kwa basi kwa Sh20,000, kila nakala imebeba Sh200. Wakala akipewa Sh1,000 kwa kila nakala anayouza, mwandishi anabaki na Sh1,800 kwa kitabu cha Sh8,000. Msomaji amelipa kidogo kuliko wa Dar es Salaam, na mwandishi amepata zaidi kuliko dukani. Fedha inarudi kwa simu siku hiyohiyo. M-Pesa imekuwepo nchini tangu 2008, na hakuna sababu ya mwandishi kusubiri hundi.

Nani awe wakala? Wengi humfikiria mwalimu, na mwalimu mstaafu kweli anafaa kwa sababu anaaminika na anaweza kukisemea kitabu. Wapo wengine wanaofaa pengine kumzidi. Wakala wa fedha za simu hukaa kwenye kibanda chake kutwa nzima, na msimu ukifika ndiye anayewahesabia watu noti zao. Mteja anasubiri mtandao urudi, kitabu kiko juu ya kaunta, jalada lake linamtazama. Anakishika, anasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Ukurasa huo ukiwa mzuri, mtandao ukirudi atakuwa amefika wa nne, na hapo kuuliza bei ni jambo la kawaida. Mwandishi anayeweka utangulizi wa kurasa sita na shukrani za kurasa mbili kabla ya hadithi kuanza anampoteza mteja huyu.

Boksi lifungwe vizuri. Jina la mpokeaji na namba yake ya simu viandikwe kwa kalamu nzito pande mbili, na vitabu vizungushiwe nailoni ndani ya boksi, maana mvua za kusini hazina huruma na karatasi. Wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama. Anayetaka kuuza msimu wa ufuta atume mzigo mapema, uwe umeshafika kabla mvua za masika hazijaharibu ratiba.

Upande wa kutangaza, mazoea ya sasa yanahitaji kubadilishwa. Kuna aina ya uzinduzi uliozoeleka: ukumbi wa hoteli mjini, mgeni rasmi, kitabu kilichofungwa kwa utepe, nakala ya kwanza kununuliwa kwa laki kadhaa, picha mitandaoni. Hakuna ubaya kwa mwandishi kushangiliwa na ndugu na marafiki, na fedha ya harambee ile huwa imelipia uchapaji wa wengi. Ila wanunuzi wa ukumbini humnunua mtu wanayemjua. Wiki ya pili, mwandishi hubaki na nakala 400 na simu zisizopokelewa.

Redio inafanya kazi ambayo ukumbi hauwezi. Kusini inasikiliza redio, na vipo vituo vya karibu kama Radio Fadhila ya Masasi na Jamii FM ya Mtwara. Watu wazima wa leo walikua wakimsikiliza Deborah Mwenda kwenye kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, na walijua saa yake bila kutazama ukutani. Mwandishi akikipa kituo ruhusa ya kusoma sura tatu za kwanza, dakika kumi kila jioni, na kila kipande kiishie pabaya, atakuwa amewafikia hata wasioshika gazeti. Mwisho wa kipindi mtangazaji ataje mahali kitabu kinapopatikana Nachingwea na Ruangwa, kwa jina la mtaa na kibanda. Tangazo la kusema kitabu kinapatikana “katika maduka yote ya vitabu” halimwambii chochote msikilizaji wa Mnacho, wilayani Ruangwa.

Kuna pia shughuli ambazo tayari zina watu na zawadi. Likizo za Juni na Desemba ni wakati wa jando na unyago katika jamii za Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua. Kijana akitoka, au mwali akichezwa, ndugu hutuza: khanga, fedha, vyombo. Kitabu kizuri cha hadithi, chenye nafasi ya kuandika jina la kijana na la aliyemtuza, kingekaa vizuri ndani ya zawadi hizo. Jambo hili linahitaji adabu. Mwandishi asiingie na spika kwenye shughuli ya watu. Aongee na makungwi na wazee mapema, na kitabu chenyewe kiwe cha kumheshimisha mtoto. Mwandishi mzaliwa wa kule anajua mlango wa kuingilia.

Ruangwa ina jambo jingine la kujivunia. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 na kufungwa na Simba, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya mji mdogo wa wilaya ilicheza na vigogo wa bara zima. Kijitabu cha kurasa 60 chenye simulizi ya safari hiyo, sauti za mashabiki na picha chache, kingeuzwa langoni mwa Uwanja wa Majaliwa kila mechi ya nyumbani. Kijana aliyekinunua kwa ajili ya mpira angekuwa ameshanunua kitabu chake cha kwanza.

Hilo linagusa jambo zito zaidi: yaliyomo. Nachingwea imeandikwa sana, lakini wengi walioiandika walikuwa wapita njia. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea na kutelekezwa 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, ulipata kitabu chake London mapema, mwaka 1950, kilichoandikwa na Alan Wood aliyekuwa mtumishi wa mradi huo. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo Nachingwea, chini ya Samora Machel, kwa ajili ya vita vya kuikomboa Msumbiji. Ila kuhusu vita vya Maji Maji, mzaliwa wa Kilwa, Ebrahim Hussein, alitoa Kinjeketile mwaka 1969, na tamthilia hiyo imefundishwa kwa vizazi. Wazee waliowalisha wapiganaji, waliopanda treni ile wakiwa watoto, waliosikia kwa babu zao habari za matrekta ya karanga, bado wanasimulia vibarazani. Mwandishi anayewaandika kwa Kiswahili, akataja maeneo kama Farm 17, Mnero na Namungo kwa majina yake, ana soko ambalo hakuna riwaya ya mitaa ya Masaki jijini inayoweza kulipata. Watu hununua kitabu kinachotaja kwao, na humpelekea nakala ndugu aliye Dar es Salaam.

Kuhusu WhatsApp, maneno machache yanatosha. Kuuza hadithi kwa PDF kumewapa waandishi wengi kipato cha haraka, na ni njia nzuri ya kumfikia msomaji aliye mbali. Lakini faili likiuzwa mara moja linaweza kusambaa kwenye makundi kumi kabla ya usiku. Usajili wa kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, humpa mwandishi pa kusimama akiibiwa, ingawa haumrudishii nakala zilizokwisha kusambaa. Busara ni kutumia simu kutoa sura za mwanzo bure, na kuacha fedha ya kweli itoke kwenye kitabu cha karatasi. Kitabu hicho kiwe na namba ya ISBN inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa sababu bila namba hiyo hata shule inayotaka kukinunua itasita.

Shule zenyewe zisiachwe kwa juhudi za mwandishi peke yake. Serikali imeonyesha nia: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, huwapa washindi fedha na kuwawezesha kuchapishwa. Ni hatua ya kupongezwa, ila washindi ni wachache. Kabla yake, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulitumia mbinu ambayo wilaya zingeweza kuiiga: ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji akawa na uhakika wa kurudisha mtaji.

Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zina chanzo cha kufanya hivyo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 ya thamani ya zao. Kilo ya korosho ikiuzwa Sh3,000, ushuru wake ni Sh90. Tani 10,000 kwa bei hiyo huingiza Sh900 milioni. Halmashauri ikitenga Sh5 tu katika kila Sh1,000 ya ushuru huo, inapata Sh4.5 milioni, yaani zaidi ya nakala 560 za kitabu cha Sh8,000 kwa ajili ya maktaba za shule. Diwani anaweza kusema fedha hizo zingejenga choo cha shule. Choo ni lazima, na kina mafungu yake. Lakini shule yenye vyoo vizuri na kabati tupu inawafundisha watoto kusoma kisha haiwapi cha kusoma. Sharti liwe wazi: vitabu vichaguliwe na walimu wa Kiswahili wa wilaya, na wala mwandishi asichaguliwe kwa sababu anajuana na mkubwa. Waandishi vijana waliojiunga kikundi waruhusiwe pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, kama wanavyoomba wafuga kuku na mafundi seremala. Kuchapa nakala 500 na kuziuza msimu wa korosho ni biashara inayoweza kurejesha mkopo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai mosi, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Barua ya waandishi ikifika kwa mkurugenzi Novemba, nakala yake kwa afisa elimu, inakuta meza bado ina nafasi. Ikifika Agosti, mafungu yameshagawanywa. Barua hiyo iambatane na nakala tatu za kila kitabu, namba ya ISBN, bei ya nakala 50 na ya nakala 200 zikiwa zimefikishwa hadi shuleni, na jina la wakala aliye mjini Nachingwea au Ruangwa ambaye mwalimu anaweza kumpigia simu kesho yake asubuhi.